Goti Lililolegea Halionekani kwa Macho: Lipimwe Kabla na Baada ya Upasuaji



Mtu akivunjika mkono, kila mmoja anauona mkono umepinda. Mtu akijikata na panga, damu inatoka na nyapara mwenyewe anakimbia kutafuta gari. Lakini kuna kuumia kwa namna nyingine, ambako hakuna damu na hakuna mfupa uliopinda. Baada ya wiki tatu uvimbe umekwisha, mtu anatembea, na bosi anasema, "Huyu mzima, arudi kazini." Kumbe ndani ya goti kamba imekatika.

Tunaandika habari hii kwa sababu katika mashamba na viwanda vya hapa Uganda tumeona wenzetu wengi wanaoitwa wavivu, na kumbe ni wagonjwa wa goti. Pia tunaandika kwa sababu sisi wenyewe wa chama tulikosea, na kosa letu lilimgharimu mtu.

MWENZETU WA MIWA

Mwezi wa Machi mwaka 2021, katika shamba moja la miwa huku Busoga, mwenzetu wa miaka 31 alikuwa amebeba mzigo wa miwa kuupeleka kwenye trela. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mguu wake wa kulia uliingia mferejini, unyayo ukakwama katika matope, na mwili pamoja na mzigo ukageuka upande mwingine. Alisikia mlio ndani ya goti, kama muwa unapovunjwa. Akaanguka. Kabla ya saa ya chakula goti lilikuwa limevimba kama papai.

Alipelekwa dispensari ya kampuni kwa bodaboda, kesho yake akapelekwa mjini kupigwa picha ya eksrei. Picha ikaonyesha kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Akapewa vidonge vya maumivu, bandeji, na mapumziko ya siku 7. Baada ya wiki tatu uvimbe ulikwisha, na nyapara akamwita kazini.

Alikuja ofisini kwetu, kwenye tawi, akatuambia: "Wandugu, hili goti si langu tena. Nikitembea barabarani ni sawa. Nikigeuka na mzigo, linaachia." Tuseme ukweli bila kuficha. Na sisi tuliiamini ile picha. Tulimjibu, "Ndugu, picha inaonyesha umepona. Jikaze kidogo, tusije tukagombana na kampuni bure." Maneno hayo tuliyasema sisi, watu wa chama, si kampuni.

Akajikaza kwa miezi kumi na tano. Goti likiachia anaanguka, linavimba siku mbili tatu, linapoa, anarudi. Kazi ya kukata miwa inalipwa kwa kipande, na vipande vyake vikapungua kila mwezi. Mwezi wa Juni mwaka 2022 alianguka akiwa na panga mkononi, na panga likapita karibu sana na uso wa mwenzake. Siku ile ndipo tulipoamka. Tukachanga nauli, tukampeleka Kampala kwa daktari wa mifupa.

Daktari yule hakuanza na mashine. Alimlaza kitandani, akayashika magoti yote mawili, moja baada ya jingine, kwa dakika chache tu. Halafu akatuambia: "Kano ya mbele imekatika. Na kwa kuwa goti limekuwa likiachia muda mrefu, gegedu nalo limechanika." Miezi kumi na tano ya kuitwa mvivu ilijibiwa kwa dakika chache na mikono miwili.

JINSI GOTI LILIVYOFUNGWA

Mfupa wa paja umekaa juu ya mfupa wa ugoko kama chungu kilichowekwa juu ya meza. Hauna shimo la kuushika kama nyonga ilivyo na shimo. Kinachozuia chungu kisianguke ni kamba. Kamba hizo ndizo kano, na kubwa zake ni nne. Mbili ziko pembeni, moja ndani na moja nje, nazo zinazuia goti lisiende upande. Mbili nyingine ziko katikati ya goti na zinapishana kama msalaba. Ile ya msalaba ya mbele inazuia ugoko usiteleze mbele na usizunguke kupita kiasi. Ile ya nyuma inazuia ugoko usirudi nyuma.

Katikati ya mifupa hiyo miwili yamo magegedu mawili yenye umbo la mwezi mchanga. Kazi yake ni kubeba uzito, kama raba iliyowekwa chini ya mashine ya kiwandani ili isitikisike. Kano ya mbele ikikatika, ugoko unateleza kila mtu anapogeuka, na kila unapoteleza unayasaga magegedu. Goti likiachwa hivyo mwaka mzima, mtu aliyeumia kamba moja sasa ana kamba iliyokatika na raba iliyochakaa.

Wengi hudhani kuumia huku ni kwa wacheza mpira. Sivyo. Mwaka 1895, katika mji wa Leeds nchini Uingereza, daktari Mayo Robson alizishona kano za msalaba za goti. Huo unahesabiwa kuwa upasuaji wa kwanza wa namna hiyo kuandikwa. Mgonjwa wake alikuwa mchimba makaa ya mawe wa miaka 41, aliyeumia kazini. Miaka sita baadaye mtu huyo alikuwa anafanya kazi, naye daktari akaiandika habari yake mwaka 1903. Kwa hiyo katika historia ya upasuaji huu, mfanyakazi alikuwa mbele.

KWA NINI PICHA HAIKUSEMA

Picha ya eksrei inaonyesha mifupa. Kano si mfupa, kwa hiyo haionekani ndani yake. Picha haikudanganya. Sisi ndio tuliouliza swali lisilo lake. Ipo mashine nyingine ya sumaku, wanayoiita emarai, ambayo inaonyesha kano na magegedu. Lakini iko katika miji mikubwa na bei yake ni ya juu. Tena hata emarai inaonyesha goti lililolala. Haionyeshi goti linavyokwenda likishikwa na kusukumwa. Hilo linajulikana kwa mikono.

Dalili tatu zinatosha kumfanya mwakilishi wa wafanyakazi asikubali neno "picha safi". Ya kwanza, mtu alisikia mlio au kupasuka ndani ya goti. Ya pili, goti lilivimba haraka, katika saa chache, maana uvimbe wa haraka kwa kawaida ni damu ndani ya goti. Ya tatu, goti linaachia anapogeuka au anaposhuka. Mwenye dalili hizi apelekwe kwa daktari anayejua kupima kano.

VIPIMO VYA MIKONO

Tunaeleza vipimo hivi ili ujue daktari anafanya nini, na ujue kama amefanya. Hatuvielezi ili mtu ampime mwenzake bwenini. Kumvuta goti mtu aliyeumia bila ujuzi ni kumwongezea maumivu.

Kipimo cha kwanza: mgonjwa analala chali, goti limekunjwa kidogo tu, kiasi cha digrii 20 hadi 30. Daktari anashika paja kwa mkono mmoja na ugoko kwa mkono wa pili, halafu anauvuta ugoko mbele. Anasikiliza mambo mawili: ugoko umekwenda umbali gani, na je, umesimama kwa ghafla au umesimama polepole. Fikiri mbuzi aliyefungwa. Akikimbia mpaka mwisho wa kamba, kamba inamkata ghafla. Kamba ikiwa imekatika, hakuna kinachomzuia. Mwaka 1976 daktari Joseph Torg wa Philadelphia, Marekani, aliandika kuhusu kipimo hiki na kukiita kwa jina la mwalimu wake, John Lachman. Mpaka leo kinategemewa kuliko vingine kwa kano ya mbele.

Kipimo cha pili: goti linakunjwa digrii 90, unyayo umekaa kitandani, daktari anaukalia unyayo kidogo na kuuvuta ugoko mbele, kama mtu anayevuta mtoto wa meza. Ni kipimo cha zamani. Ubaya wake ni kwamba msuli wa nyuma ya paja ukikaza unaweza kuuficha ulegevu. Lakini goti likiwa katika mkao huo, daktari anaweza kuona pia kama ugoko umezama nyuma. Hiyo ni dalili ya kano ya nyuma.

Kipimo cha tatu: daktari anauzungusha ugoko kwa ndani, anasukuma kutoka upande wa nje, na huku analikunja goti polepole. Kano ikiwa imekatika, ugoko unateleza mbele kisha unaruka kurudi mahali pake. Mgonjwa akiusikia mruko huo atasema, "Ndiyo hiyo hiyo inayoniangusha shambani!" Madaktari wa Toronto, Kanada, walikieleza mwaka 1972. Mgonjwa aliye macho hukaza msuli kwa hofu, kwa hiyo kipimo hiki huonekana vizuri zaidi akiwa amepewa dawa ya usingizi, kabla tu ya kupasuliwa.

Kipimo cha nne: goti linasukumwa kwa ndani na kwa nje, likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa kidogo. Hicho ni kwa kano za pembeni.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, goti lililoumia jana haliwezi kupimwa vizuri, maana limejaa na misuli imekaza. Daktari akikwambia rudi baada ya wiki mbili, rudi. Usiseme "alinipima akakosa kitu". Pili, ni lazima apime magoti yote mawili. Kuna watu ambao viungo vyao vimelegea tangu kuzaliwa. Goti zima ndilo mizani ya kupimia goti bovu. Daktari aliyepima goti moja amepima nusu.

KULEGEA NI KITU KIMOJA, KUACHIA NI KINGINE

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wakubwa. Kulegea ni kile ambacho daktari anakisikia mikononi. Kuachia ni kile ambacho mfanyakazi anakisikia kazini. Vitu hivi viwili ni ndugu, lakini si kitu kimoja.

Tunaye dada yetu mmoja, mchuma chai katika vilima vya magharibi, aliyeteleza mwaka 2022 akiwa na kikapu mgongoni. Alipimwa na goti likakutwa limelegea sawa na la mwenzetu wa miwa. Lakini tofauti ni kwamba alipimwa mapema, kabla gegedu halijachanika. Daktari akampa kwanza miezi mitatu ya mazoezi ya kutia nguvu msuli wa mbele na wa nyuma wa paja. Akafanya kila siku. Baadaye kupimwa kwa mikono kulionyesha ulegevu ule ule, lakini goti halikuachia tena, kwa sababu misuli ilikuwa inafanya kazi ya kamba. Alirudi kuchuma katika sehemu ya tambarare, na hakupasuliwa.

Huku si kubahatisha. Mwaka 2010 madaktari wa Sweden walichapisha uchunguzi wa vijana 121 waliokatika kano ya mbele. Wengine walipasuliwa mapema, na wengine 59 walianza na mazoezi wakiwa na ruhusa ya kuomba upasuaji baadaye. Katika miaka miwili, 23 kati ya hao 59 walipasuliwa, na waliobaki hawakupasuliwa. Makundi yote mawili yalipoulizwa hali ya magoti yao, tofauti kubwa haikuonekana.

Kwa hiyo si kila kano iliyokatika inahitaji kisu. Lakini anayeona goti linaachia hata baada ya mazoezi, na kazi yake ni ya kugeuka na mzigo kwenye matuta, huyo upasuaji una sababu. Ili kujua yuko wapi, ni lazima yote mawili yaandikwe: ulegevu ni kiasi gani, na goti linaachia mara ngapi kwa mwezi na akifanya kazi gani.

UPASUAJI

Kano iliyokatika katikati kwa kawaida haiungwi kwa kushonwa tu. Daktari anachukua kipande cha ukano kutoka mwili wa mgonjwa mwenyewe, ama nyuma ya paja ama chini ya pia ya goti. Anatoboa mifupa miwili, anapitisha kipande hicho mahali ilipokuwa kano ya zamani, na kukifunga pande zote mbili. Ni kamba mpya iliyotengenezwa kwa nyuzi za mtu mwenyewe.

Kabla ya kupasuliwa goti liwe limepoa na linaweza kunyooka. Anayepasuliwa na goti lililojaa na kukakamaa anaweza kubaki na goti lisilonyooka. Mwenzetu alipasuliwa mwezi wa Agosti mwaka 2022, baada ya mapambano ya fedha tutakayoyaeleza hapa chini.

BAADA YA UPASUAJI: KOVU SI KIPIMO

Kosa la pili tulilolikuta lilikuwa la kampuni. Miezi mitatu tu baada ya upasuaji, barua ilikuja: kovu limepona, anatembea bila magongo, arudi kukata miwa. Safari hii hatukumwambia ajikaze. Tulikwenda ofisini tukiwa na karatasi ya daktari, tukaisoma mstari kwa mstari.

Mstari wa kwanza, uimara. Goti lililopasuliwa linapimwa kwa mikono ile ile na kulinganishwa na goti zima. Ipo pia mashine ndogo inayofungwa mguuni, ambayo daktari Dale Daniel na wenzake wa San Diego, Marekani, waliieleza mwaka 1985. Inavuta ugoko kwa nguvu iliyopimwa na kuonyesha milimita. Hospitali nyingi hazina mashine hiyo, na mikono ya mtu mzoefu inatosha. Tofauti kati ya magoti mawili ikiwa chini ya milimita 3 ni vizuri. Ikiwa 3 hadi 5, iangaliwe. Ikizidi hapo, kamba mpya huenda imelegea au imekatika. Mwenzetu aliandikiwa milimita 2, na kamba inasimama kwa ghafla. Kampuni ikafurahi: "Si mnaona? Imara!"

Tukawaambia ngojeni. Kamba mpya ni kama mche uliohamishwa. Siku ya kupandwa una nguvu zake, halafu unanyauka kidogo, halafu unashika mizizi. Madaktari wanatuonya kwamba katika miezi ya mwanzo kamba hiyo inakuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa, wakati mwili unaigeuza kuwa kano. Goti imara la miezi mitatu ni goti ambalo bado halijajaribiwa.

Mstari wa pili, kunyooka. Visigino vyote viwili vinalinganishwa mgonjwa akiwa amelala. Kamba iliyokazwa mno nayo ni kosa, maana goti lisilonyooka linachechemea maisha yote. Mwenzetu alinyoosha sawa.

Mstari wa tatu, msuli. Paja linazungushiwa utepe wa fundi cherehani, mahali pamoja juu ya pia ya goti kwa miguu yote miwili. Paja lake la kulia lilikuwa jembamba kwa sentimita 3. Hapo kampuni ikanyamaza kidogo.

Mstari wa nne, kuruka. Kipimo hiki hakifanywi mpaka daktari aruhusu, baada ya miezi mingi. Mtu anasimama kwa mguu mmoja, anaruka mbele na kutua kwa mguu ule ule bila kuyumba, na umbali unapimwa. Halafu mguu wa pili. Umbali wa mguu uliopasuliwa unagawanywa kwa umbali wa mguu mzima. Madaktari wengi wanataka ufike angalau asilimia 90. Kwa mwenzetu mstari huu ulikuwa mtupu: "Bado hajaruhusiwa." Tukauliza, mtu ambaye daktari hajamruhusu kuruka mara moja kwenye sakafu kavu, mtamrukishaje mfereji mara mia akiwa na mzigo?

Tukawaeleza pia uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 na wataalamu wa Norway pamoja na wenzao wa Marekani. Kila mwezi ambao mchezaji alingoja kabla ya kurudi kwenye mchezo, mpaka kufika miezi tisa, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu. Hao ni watu wa mpira, wanaokimbia kwenye majani yaliyokatwa. Mkata miwa yuko kwenye matope.

Makubaliano yalikuwa hivi: akae mizani, aandike uzito wa matrela, mpaka daktari atakaposema. Mwezi wa Mei mwaka 2023, miezi tisa baada ya upasuaji, mguu mzima uliruka sentimita 120, uliopasuliwa 84. Hiyo ni asilimia 70, kwa hiyo bado. Akaendelea na mazoezi. Mwezi wa Agosti mguu uliopasuliwa uliruka sentimita 110, karibu asilimia 92. Kama tungeifuata barua ya miezi mitatu, tungelipoteza goti lile mara ya pili.

KARATASI NDIYO FIDIA

Sasa habari ya fedha. Tulipoomba kampuni ilipe upasuaji, jibu la kwanza lilikuwa: "Hilo goti ni la zamani, labda aliumia nyumbani." Tukatafuta kitabu cha ajali. Ajali ya Machi 2021 haikuwa imeandikwa. Na sisi tawini hatukuwa tumeandika chochote. Kilichotuokoa ni kitabu cha dispensari, ambamo msaidizi mmoja aliandika tarehe na maneno manne: "Goti kulia limevimba sana." Pamoja na mashahidi wawili waliombeba siku ile, maneno hayo manne ndiyo yaliyoshinda.

Mkataba namba 17 wa mwaka 1925 wa Shirika la Kazi Duniani unasema mfanyakazi aliyeumia ana haki ya kutibiwa, pamoja na upasuaji unaohitajika kwa sababu ya ajali, na gharama ibebwe na mwajiri au bima. Na mkataba namba 12 wa mwaka 1921 unataka sheria za fidia ziwafikie hata wafanyakazi wa mashambani. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba fidia ni ya watu wa kiwandani.

Hapa Uganda tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Ulemavu kamili wa kudumu unahesabiwa kwa mshahara wa miezi 60, na ulemavu wa sehemu unapata asilimia yake. Asilimia 10 maana yake ni mshahara wa miezi 6. Na asilimia hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye karatasi ya daktari. Daktari wa kampuni aliandika sifuri kwa sababu kovu limepona. Daktari aliyempasua aliandika asilimia 10, kwa sababu sehemu ya gegedu ilikuwa imetolewa, na akaonyesha vipimo vya kabla na vya baada. Tulipeleka karatasi zote mbili kwa Afisa Kazi wa wilaya. Iliyokuwa na vipimo ndiyo iliyosikilizwa.

Pima kabla, pima baada, na yote yaandikwe kwa tarehe. Bila kipimo cha kabla, hakuna anayeweza kuonyesha upasuaji umesaidia nini. Bila kipimo cha baada, hakuna anayeweza kuonyesha ulemavu uliobaki ni kiasi gani.

MAMBO YA KUSHIKA KATIKA KILA TAWI

1. Goti likiumia kazini, liandikwe siku hiyo hiyo katika kitabu cha ajali: tarehe, mahali, mguu gani, limevimba baada ya saa ngapi, na majina ya walioona.

2. Usikubali eksrei peke yake. Uliza: "Daktari, kano zimepimwa kwa mikono? Magoti yote mawili?"

3. Matokeo yaandikwe. Neno "sawa" halitoshi. Iandikwe kama ugoko unasimama ghafla au hausimami, na tofauti na goti zima.

4. Wakati wa kungoja matibabu, aliyeumia aombewe kazi ya tambarare isiyo na mzigo wa kugeuka nao. Kila goti linapoachia, gegedu linasagwa.

5. Akipasuliwa, asirudishwe kazi nzito kwa sababu ya kovu wala kwa sababu anatembea. Yatazamwe mambo manne: uimara, kunyooka, msuli, na kuruka.

6. Nakala ya kila karatasi ibaki tawini. Karatasi iliyoko ofisi ya kampuni peke yake inaweza kupotea.

Mwenzetu wa miwa yuko mizani mpaka leo. Goti lake ni imara, anatembea kwenda kanisani na kurudi bila wasiwasi, lakini daktari amemkataza kubeba mizigo mferejini. Alikuwa mmoja wa wakataji wa kwanza katika kundi lake, na mshahara wa mizani haufiki fedha aliyokuwa anapata kwa vipande. Fidia ya miezi sita imekwisha. Gegedu halioti tena.

Kama tungemsikiliza mwaka 2021, pale alipotuambia "hili goti si langu tena", labda leo angekuwa na hali kama ya dada yetu wa chai. Hilo deni tunalo. Tunalilipa kwa kuwaambia ninyi: mwenzako akisema goti linaachia, usimtazame goti kwa macho. Mpeleke akapimwe.

Umoja ni nguvu.